Waliohama Amu kwenda Malindi: bibi yumo kwenye hati, ila si pale unapomtafuta

Koo nyingi za Malindi zina sentensi moja ya kuanzia: babu alitoka Amu (Lamu) na mkewe, wakaja Malindi ikiwa pori, wakafyeka, wakalima, na sisi ndio hawa. Sentensi hiyo haina uongo mkubwa. Kasoro yake ni kwamba ina watu wawili tu, na chombo kilichotia nanga Malindi katika miaka ya 1860 hakikubeba watu wawili. Tena katika hao wawili mmoja ana jina refu lenye mababu wanne nyuma yake, na mwingine anaitwa "bibi", basi.

Haya ni kwa anayetaka kumpata huyo bibi kwa jina lake na jina la babake. Mume si kazi kumpata. Alikata shamba, akauza, akaweka rehani, akadaiwa. Karatasi zake zimejaa.

Kwanza mwaka. Malindi iliyompokea Vasco da Gama mwaka 1498 ilikuwa imekwisha kufa babu alipozaliwa. Wafalme wake walihamia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, na kufikia mwisho wa karne ya 18 mji ulikuwa magofu na vichaka. Aliyeufufua ni Seyyid Majid, aliyetawala Unguja kuanzia 1856 hadi 1870. Mnamo 1861 alipeleka askari wa Kibulushi, na nyuma yao wakaingia Waarabu na Waswahili, wengi kutoka Amu, kila mmoja akajikatia shamba. Kilichowavuta ni nafaka. Unguja ilikuwa imezama kwenye karafuu na inataka chakula, Arabuni wananunua mtama, na ufuta una soko la mafuta. Kwa hiyo mtu akikwambia ukoo wenu haukuwahi kutoka Malindi tangu enzi za Mreno, na akakuonyesha kaburi la mnara karibu na Msikiti wa Juma kuwa ndilo la babu, mwitikie kwa heshima lakini usiandike. Makaburi yale yalikuwapo karne kadhaa kabla.

Msimu nao unakadirika. Kutoka Amu kushuka Malindi ni kama kilomita 135 kwa mstari ulionyooka, na chombo kinachoelekea kusini kinataka kaskazi, upepo wa Disemba hadi Machi. Ukivuka ghuba ya Ungwana na kuzunguka Ras Ngomeni, umekaribia. Kaskazi ni kiangazi pia. Anayefika Januari anapata wiki kadhaa za kufyeka na kuchoma kabla ya masika ya Aprili, na mtama anaupanda mwaka uleule. Anayefika Mei amekula hasara ya mwaka. Ndiyo maana hadithi ya ukoo ikisema "waliingia pepo za kaskazi wakavuna mwaka huohuo", ina mantiki. Ikisema walikuja na kusi, upepo wa kutoka kusini, jiulize kama hawakuwa wakitoka Mombasa au Unguja, si Amu.

Sasa wazee. Usimwulize mzee "tulitoka wapi?" Jibu lake unalijua tangu utoto, na yeye anajua unalijua. Uliza mali. "Bibi, marehemu alipofariki, nyumba ya Amu ilimwendea nani?" Uliza ilikuwa Mkomani au Langoni, mitaa miwili ya Amu, na nani alibaki ndani yake wengine walipohama. Uliza shamba la Malindi lilipakana na nani pande zote nne. Uliza pia nani walikatazwa kuoana ingawa si ndugu wa damu, na kwa nini. Swali hili la mwisho lina faida kuliko linavyoonekana: kunyonya ziwa moja kunaharamisha ndoa, kwa hiyo ukoo unaweza kusahau jina la mwanamke kabisa na bado ukakumbuka kwamba alimnyonyesha fulani. Hapo ndipo wanawake wa nyumbani ambao hawamo kwenye nasaba wanapoanza kujitokeza.

Mwandishi wa ukoo mara nyingi humtafuta bibi kwenye hati za shamba la Malindi, anamkosa, anaandika "jina halijulikani". Hakuwa na sababu ya kuwamo. Shamba lilikuwa la mumewe. Mali ya mwanamke wa Kiamu wa nyumba za mawe ilikuwa nyumba: desturi ya Amu ni baba kumpa binti nyumba anapoolewa, au kumjengea juu ya nyumba ya mamake, au kumkatia sehemu, na mume ndiye anayehamia kwake. Nyumba ni ya binti, na inashuka kwa mabinti. Sasa wawili hawa walipopanda chombo, shamba lilikuwa mbele yao na nyumba ikabaki nyuma. Nyumba haitelekezwi. Ilikopeshwa dada, ikapangishwa, au ikawekwa wakfu.

Hati ya wakfu ndiyo unayoitaka. Mwenye kuweka wakfu lazima atajwe, na hapo haandikwi "mke wa fulani", anaandikwa kwa jina lake, binti wa fulani bin fulani, maana mali ni yake. Kisha masharti: nani akae, na akifa nani amfuate. Ukikuta "mabinti zangu na mabinti zao", una vizazi vitatu vya wanawake kwenye karatasi moja, jambo ambalo nasaba ya upande wa baba haitakupa hata ukiikariri. Tafuta kwa majina ya babake na kaka zake, si ya mumewe. Na nyumba itambue kwa jirani zake na msikiti ulio karibu. Namba za nyumba zilikuja baadaye sana.

Majina yanapotea kwa njia zinazojulikana. "Mwana" ni jina la heshima: Mwana Esha anaweza kuandikwa Mwanaesha neno moja, au Esha tu, au karani akamwandika Aisha. Athman, Othman na Usman ni mtu yuleyule. Sefu ni Seif. Abdalla na Abdulla usihesabu wawili. Andika kila umbo unaloweza kulifikiria kabla hujafungua daftari, kwa sababu faharasa imepangwa kwa herufi alizosikia karani wa Kiingereza, si alizotamka bibi.

Kwa Malindi, hazina kubwa ni madai ya ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa pwani: kila mwenye shamba alete dai lake na ushahidi, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Kufikia hapo babu aliyekuja miaka ya 1860 alikuwa amefariki, kwa hiyo wanaodai ni wana, mabinti, wajane na wajukuu, na lazima waeleze walivyopata. Kabla ya hapo kuna madaftari ya usajili wa hati kuanzia miaka ya 1890. Baadhi ya nyaraka za pwani zimehifadhiwa Kumbukumbu za Taifa, Nairobi, na za utawala wa Seyyid ziko Unguja.

Katika hati za zamani pande za dunia hazisomwi kwa dira ya shule. Kaskazini ni kibla, kwa sababu huku kwetu Makka iko kaskazini. Kusini ni suheli, kwa jina la nyota. Mashariki ni matlai, magharibi ni maghribi. Kila upande una jina la jirani. Nakili majina yote manne hata kama hayakuhusu. Watu waliotoka mtaa mmoja wa Amu walikata mashamba kandokando, na ukoo wa mke mara nyingi uko upande wa pili wa mpaka. Angalia pia miti: minazi inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine kabisa, kwa hiyo aliyeuza minazi 40 hakuuza shamba.

Tahadhari moja kubwa kuhusu neno "ameuza". Riba haramu, mkopo lazima. Njia iliyotumika sana ni bei khiyari: mwenye shamba anamuuzia mkopeshaji, mara nyingi mfanyabiashara wa Kihindi, kwa sharti kwamba akirudisha fedha ndani ya muda fulani shamba linarudi. Daftarini inasomeka kama mauzo. Ukikuta babu ameuza shamba lilelile mara tatu, hakuwa tapeli. Alikopa mara tatu. Na usiandike kwamba ukoo ulihama mwaka huo kwa sababu "uliuza". Soma hadi mwisho utafute sharti la muda.

Sasa sehemu tamu, hesabu za mirathi. Hisa za Kiislamu zimekwisha pangwa, na kwa hiyo zinaweza kusomwa kinyumenyume: ukiijua hisa unaweza kukisia familia. Mume akifa akiacha watoto, mke hupata 1/8. Wake wakiwa wengi wanagawana hiyohiyo 1/8. Kwa hiyo mjane anayedai 1/8 alikuwa peke yake, 1/16, walikuwa wawili, 1/24, watatu, 1/32, wanne. Kinachobaki, 7/8, huenda kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja.

Chukua mfano. Daftarini mwanamke anauza 7/64 ya shamba la babake. Hiyo 64 inakwambia 7/8 imegawanywa mafungu 8. Mafungu 8 ni wana 3 na mabinti 2, au wana 2 na mabinti 4, au mwana 1 na mabinti 6. (Wana 4 bila binti pia ni mafungu 8, lakini muuzaji ni binti, kwa hiyo futa.) Ukurasa mwingine mwanamume anauza 14/64: ni kakake. Tafuta 14/64 nyingine. Zikifika tatu, umefunga hesabu: wana watatu, 42, mabinti wawili, 14, jumla 56, na 8 iliyobaki ni ya wajane. Mjane mmoja akijitokeza na 4/64, yaani 1/16, basi yuko mwenzake mahali fulani, hata kama hakuna hata mjukuu mmoja aliyewahi kumtaja. Babu na bibi wa kwenye hadithi wamekuwa babu na bibi wawili.

Hesabu ikikataa, sababu ni chache. Mama au baba wa marehemu alikuwa hai bado, naye huchukua 1/6 kwanza. Au hakukuwa na mwana: binti mmoja hupata nusu, wawili na zaidi 2/3, na baki huenda kwa asaba, yaani kaka za marehemu au watoto wao. Hii ikitokea, furahi, maana ndugu wa Amu wataibuka kwa majina kudai shamba la Malindi. Au mrithi alifariki kabla ya kugawana: yule binti wa 7/64 akifa na kuacha mume na mwana mmoja, mume anapata 7/256 na mwana 21/256. Ukiona 256 au zaidi, usiogope, ni vifo viwili vimepandana, vitenganishe. Na mwana aliyekufa kabla ya babake, watoto wake hawarithi kwa babu wakiwapo ami zao. Tawi hilo halimo kwenye hati, ila lilikuwamo nyumbani.

Kumbuka pia madeni hulipwa kabla ya mirathi, na mahari ambayo hayakulipwa ni deni. Mjane aliyepewa kipande kizima cha shamba kabla ya mgawo si lazima awe alinunua. Pengine amelipwa mahari yake, na kiasi kimeandikwa. Kikiwa kwa reale, sarafu ya zamani ya fedha, ndoa ni ya zamani. Rupia zilishika nguvu baadaye.

Hapo kwenye mfano wetu kuna jambo halijaisha. Watoto watano, wajane wawili, lakini ukiwauliza wazee utasikia watoto ni wa mama watatu. Mama wa tatu hana hisa. Huyo ni suria: mjakazi aliyewekwa na bwana wake. Watoto wake ni huru na wanarithi sawasawa na wa wake wa ndoa, mwana kama mwana na binti kama binti, ila yeye mwenyewe hakuwa mke, kwa hiyo harithi chochote. Bwana akifa anakuwa huru tu. Kwenye karatasi watoto wapo na mama hayupo. Ndiyo njia ya kumgundua: idadi ya mama kwenye kauli za wazee ikizidi idadi ya wajane kwenye hati, na hakuna talaka wala kifo cha mke kilichotajwa, fikiria suria kabla ya kufikiria kosa la karani. Mara nyingi ukoo umemmeza ndani ya "bibi aliyetoka Amu", na kumbe mama mzaa ukoo alitoka Nyasa au Uyao akapitia Kilwa.

Wapo wanaoona ni aibu kuandika hivi. Kwa maoni ya mwandishi huyu aibu haipo upande wa suria. Sheria yenyewe ilimpa mwanawe haki kamili, na wajukuu wake leo wamo kwenye nyumba na mashamba ya ukoo.

Na waliofyeka? Shamba la nafaka halifyekwi na mume na mke. Malindi ilifufuliwa kwa mikono ya watumwa, na hadithi ya "wakalima" inawafunika. Biashara ya watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Seyyid Barghash wa Juni 1873. Sheria ya kufuta utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya ilikuja 1907, ikiwa na fidia kwa mabwana, si kwa watumwa. Fidia inataka madai, na madai yanataka majina, kwa hiyo hapo ndipo pa kuwatafuta. Majina kama Mabruk, Baraka na Feruzi, hasa yakiunganishwa kwa "wadi" mahali pa "bin", au jina linalofuatwa na "huru wa fulani", mara nyingi ni ya mtumwa au aliyeachwa huru. Ukikuta ukoo wa bwana unarithi kibanda cha mtu asiye ndugu yao, ni walaa: aliyeacha huru hurithi asipokuwapo mrithi wa damu. Usimwingize mtu huyo kwenye nasaba kama binamu. Muandikie ukurasa wake. Waliotoroka mashamba wakaishi vijiji vya watoro, kama Fuladoyo, hutawapata kwenye karatasi za bwana.

Tarehe zinaharibu kazi nyingi nzuri. Kugeuza mwaka wa Hijria kwa haraka: gawanya kwa 33, toa jibu kwenye mwaka wenyewe, ongeza 622. Mwaka 1278 ukigawanywa kwa 33 ni kama 39. 1278 toa 39 ni 1239. Ongeza 622 unapata 1861. Kwa hakika 1278 ulianza Julai 1861 ukaishia katikati ya 1862, kwa hiyo bila jina la mwezi andika miaka yote miwili. Umri nao ni wa mwezi: miaka 33 ya Hijria ni 32 ya jua, hivyo aliyeandikwa amefariki na miaka 70 alikuwa na kama 68. Na siku huanza magharibi. "Usiku wa Ijumaa" ni ule unaoitwa Alhamisi usiku kwa Kizungu. Wazee wa chombo huhesabu kwa mwaka wa Nairuzi, siku 365 bila siku ya nyongeza, kwa hiyo unateleza siku moja kila miaka minne. Siku ya mia ya mwaka wa babu na siku ya mia ya leo zimepishana kama siku 40. Usilinganishe hivihivi.

Mwisho makaburi, ingawa mengi hayana maandishi. Lenye maandishi lipige picha asubuhi au alasiri jua likiwa chini, ukisimama ubavuni ili herufi zitupe kivuli. Saa sita mchana hutaona kitu. Kukiwa na mti, kioo cha mkononi kinatosha kurusha mwanga wa ubavu. Usisugue, na usimwagie siki wala ndimu: chokaa inaliwa na asidi, na unachokisafisha ndicho kinachoondoka. Tarakimu za Kiarabu za mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja tu, na jino ndilo linaloisha kwanza kwa chumvi ya bahari, kwa hiyo ٢ inaweza kuwa ٣ iliyochakaa. Jiwe likitaja siku ya wiki pamoja na tarehe, piga hesabu uone kama vinakubaliana, ukiruhusu tofauti ya siku moja kwa ajili ya kuandama mwezi. Vikipishana siku mbili au zaidi, pengine mwaka umeusoma vibaya. Rudi kesho asubuhi na kioo.